Visahani Ishirini Dirishani

Austra, usibonyeze kitu bado.
Njoo kwanza huku dirishani tuvitazame visahani vyako:
kumi vimenyweshwa maji ya bomba,
kumi vimenyweshwa theluji uliyoiyeyusha,
ile ya kijivu, ya ukingo wa Mtaa wa Ganību,
ambako lori la manispaa humwaga chumvi usiku
mabasi yasiteleze.

Kila kisahani, punje kumi za shayiri.
Siku ya sita ulipima mizizi kwa rula,
ukainama hadi pua ikagusa pamba iliyolowa,
ukaniandikia: "Nina sampuli mia mbili, mwalimu!"
Huna.
Punje zilizokunywa kisahani kimoja,
zikapigwa na baridi ya kioo kimoja,
ni mashahidi waliolala nyumba moja:
ukiwahoji wote kumi, umemhoji mmoja.
Una ishirini. Ishirini si haba.

Sasa chagua.
Tālivaldis wa dawati la nyuma anasema kai-mraba,
kwa kuwa ndilo jina analolikumbuka.
Kai-mraba huhesabu vichwa:
wangapi wameota, wangapi wamegoma.
Wewe ulipima milimita.
Kitambaa hakipimwi kwa kibaba.

Jaribio la t, basi, la makundi mawili.
Nalo ni mgeni asiyekula kila kitu:
hupenda data zilizokaa umbo la kengele,
na wewe una kisahani cha kumi na saba,
cha maji ya chumvi, kilichokaa juu ya bomba la joto,
wastani wake milimita arobaini na moja
ilhali wenzake wote hawavuki ishirini na tano.
Nimeliona jicho lako likikitazama,
kisha likalitazama kapu la taka.
Hapana.
Hukukikataa kilipokuwa hakijakuudhi,
usikikatae leo.
Lipo jaribio la nafasi:
huvipanga visahani foleni, mfupi hadi mrefu,
na huyo kumi na saba, pamoja na majivuno yake yote,
anakuwa wa ishirini kwenye foleni.
Wa ishirini tu.

Bonyeza.

Sifuri nukta sifuri saba.

Najua.
Nami nilikaa hivyo, chuoni Jelgava, mbele ya magunia ya viazi,
nikabadilisha majaribio kama mtu anayejaribu funguo
kwenye mlango usio wake,
hadi mmoja ukazunguka.
Walinipa alama tisa.
Hainishuki kooni hadi leo.

Kwa hiyo unaponiuliza, kwa sauti ya chini,
"Je, tukivioanisha, hiki na hiki?"
nami nakuuliza: uliviozesha lini?
Kabla ya kuvimwagia maji,
au dakika mbili zilizopita?
Unacheka. Masikio yamekuwa mekundu.

Isikilize namba, usiitilie maneno kinywani.
Inasema: kama chumvi haifanyi lolote,
kama ni bahati tu iliyogawa mizizi,
tofauti kubwa namna hii, au kuizidi,
ingejitokeza kama mara saba katika kila mia.
Basi.
Haisemi una haki kwa tisini na tatu.
Haisemi chumvi ni njema kwa shayiri.
Kutomwona paka gizani
si kusema jikoni hamna paka,
hasa kwa mshumaa mfupi kama huu wetu.

Unaandika: "Chumvi haina madhara." Unafuta.
Unaandika: "Chumvi ina madhara, karibu." Unafuta,
na hiyo "karibu" unaifuta mara mbili.
Mwishowe: "Kwa visahani ishirini, hatukupata ushahidi wa kutosha."
Sentensi fupi, haina shada la maua.
Hakuna atakayekupigia makofi kwa hiyo huko Riga.

Lakini unabaki na koti mkononi, unahesabu kitu kwa vidole.
"Mwalimu, thelathini kila upande vingetosha?
Na vyote mbali na bomba?"
Nje giza limeshuka saa tisa na nusu alasiri,
lori linapita mapema leo, linamwaga.
Unaichukua ndoo.